Ndege wa Uani Kwetu

Mimi ni mwanamke mzee wa Naipingo, Wilaya ya Nachingwea. Nilizaliwa mwaka 1963. Nina wajukuu saba. Uani kwangu kuna mwembe mmoja mkubwa, mikorosho mitatu na mpapai mmoja. Chini ya mwembe nimeweka kigae cha chungu kilichovunjika. Kila asubuhi natia maji katika kigae hicho. Ndege wengi huja. Wengine huja kunywa. Wengine huja kutafuta wadudu. Wengine huja kulala.

Watu wakipita huniuliza, "Bibi, hujachoka kutazama ndege?"

Mimi huwajibu, "Sijachoka. Natazama watu wangu."

Wao hucheka. Lakini nasema kweli. Kila ndege wa hapa uani ana mtu wake. Tetere akilia, namkumbuka mama mkubwa. Mnana akisuka kiota, namkumbuka mdogo wangu. Mwewe akipita juu, namkumbuka mama. Nikimsikia ndege wa asali, namkumbuka baba. Watu hao wote wamekwisha fariki. Ndege wao bado wanakuja.

Yuko ndege mmoja ambaye kwa miaka mingi sikutaka kumtazama. Ndege huyo ni bundi. Leo nitawaeleza habari zake pia. Kwa sababu yake ukoo wetu ulitenda kosa kubwa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliolitenda.

TETERE WA MAMA MKUBWA

Mama mkubwa alikuwa dada yake mama. Mume wake alifariki mapema. Mtoto wake wa kiume alikwenda kukaa Ruangwa. Basi yeye alijenga nyumba ndogo ya udongo na nyasi nyuma ya nyumba yetu. Alilima shamba lake mwenyewe. Jioni tulikula pamoja.

Yeye ndiye aliyenifundisha majina ya ndege. Alipopepeta mtama, aliacha punje chache chini. Tetere walishuka kuokota. Alinionyesha kiota cha tetere juu ya mkorosho. Kiota chenyewe kilikuwa vijiti vichache tu. Ukisimama chini uliweza kuona mayai mawili kati ya vijiti. Mama mkubwa alisema, "Tazama nyumba ya maskini. Lakini watoto wanakua."

Alinieleza kwamba tetere dume na tetere jike hupokezana kuatamia. Watoto wakitoka katika mayai, baba na mama wote wawili huwalisha. Huwapa uji mweupe unaotoka shingoni mwao. Baadaye nilisikia kwamba hata wataalamu husema hivyo. Uji huo wao huuita maziwa ya njiwa. Mama mkubwa hakusoma kitabu. Alitazama tu.

Tetere akilia jioni, mama mkubwa alisema kwamba ndege huyo anatuuliza, "Mpo wote? Mpo wote?" Yeye alimjibu kwa sauti, "Tupo, tupo wote!" Sisi watoto tulicheka na kujibu pamoja naye.

MINANA NA MDOGO WANGU

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Mwaka 1972 mimi nilikuwa na umri wa miaka tisa. Yeye alikuwa na miaka mitano. Kazi yetu ilikuwa kulinda mtama usiliwe na ndege. Kwa sababu ya kazi hiyo mimi sikupelekwa shule. Mtama ukianza kukomaa, ndege hawasubiri.

Baba alitujengea dungu katikati ya shamba. Tulipanda juu asubuhi mapema kabla ya umande kukauka. Mimi nilikuwa na kombeo. Mdogo wangu alikuwa na debe bovu. Minana wakija kwa kundi, yeye alipiga debe na mimi nilirusha mawe. Mchana tulikula viazi vya kuchoma. Jioni tulirudi nyumbani, sauti zetu zimekauka.

Lakini mdogo wangu aliwapenda minana. Pembeni mwa shamba kulikuwa na mti uliojaa viota vyao. Mnana dume ndiye anayesuka kiota. Huchana jani refu la unyasi au la mtama, kisha hulifunga na kulipitisha kwa mdomo kama mtu anayesuka mkeka. Akimaliza, hujining'iniza chini ya kiota na kupigapiga mabawa ili kumwita jike. Jike huja, huingia ndani na kukagua. Asipopendezwa, huondoka. Kiota kikikaa bila kupata jike, dume hukibomoa na kuanza upya.

Mdogo wangu alipoona mnana anabomoa kiota chake, alisikitika sana. Aliniambia, "Dada, mwambie huyo jike arudi." Nilimwambia kwamba mimi si mjumbe wa ndege. Alikasirika. Siku nzima hakupiga debe. Minana walikula mtama sana siku ile, na jioni mimi ndiye niliyechapwa.

Mpaka leo nikiona mnana anabomoa kiota, namsikia akisema, "Dada, mwambie arudi."

MWEWE WA MAMA

Mama alikuwa mtu mpole, isipokuwa mwewe alipokuja. Mama alifuga kuku. Kuku akiangua vifaranga, mwewe hujua kabla ya majirani. Mama alikuwa na ungo mmoja mkuukuu kwa kazi hiyo tu. Akiona kivuli kinapita chini, aliupiga ungo kwa mwiko na kupiga kelele ambazo watu wa mbali walizisikia. Alimwita mwewe mwizi, mlafi na mdeni asiyelipa.

Mara moja mwewe alichukua kifaranga mbele ya wageni. Mama alimfukuza mpaka njia panda, khanga ikaanguka. Aliporudi, baba alimwuliza, "Je, umemkamata?" Tulicheka mpaka machozi yakatoka. Wakati huo tulikuwa bado tupo wote.

NDEGE WA ASALI NA BABA

Baba alikuwa kijana wakati Waingereza walipoanza mpango wa karanga hapa Nachingwea. Mpango huo ulianza Tanganyika mwaka 1947 na uliachwa mwaka 1951. Baba alipata kibarua cha kung'oa visiki. Alituambia kwamba mashine ziliangusha miti mingi ya miyombo, na nyuki wakakosa mashimo ya kukaa. Mpango ulipokufa, baba alirudi kulima. Wakati wa kiangazi alikwenda porini kutafuta asali.

Hakwenda peke yake. Aliongozwa na ndege. Ndege huyo ni mdogo, rangi yake ni ya kijivu na kahawia. Watu wengine humwita mlembe. Alikuja mpaka kwenye miti iliyo nyuma ya nyumba yetu na kulia bila kunyamaza. Baba aliposikia, alichukua shoka na moto. Ndege aliruka kutoka mti hadi mti, akamsubiri. Baba alimfuata mpaka kwenye mzinga. Akiisha kupakua asali, baba alimwachia ndege masega yenye nta, kwa sababu ndege huyo hula nta. Baba alisema, "Usimdhulumu aliyekuonyesha njia."

Jambo hili si hadithi tu. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, Wayao wanaotafuta asali humwita ndege huyo kwa mlio wao maalumu walioachiwa na wazee. Watafiti walitembea nao porini, na mwaka 2016 walitangaza walichokiona. Mtu alipotembea bila mlio huo, aliongozwa na ndege kama mara 33 katika safari 100. Alipotoa mlio huo, aliongozwa kama mara 66. Kwa hiyo ndege huyo anajua maana ya mlio. Wazee walikuwa wakisema kweli.

Nawaeleza jambo hili kwa sababu moja. Baba alimwamini ndege mmoja akamfuata porini peke yake. Lakini ndege mwingine, aliyekaa hapa hapa uani, alimwogopa kuliko chui.

BUNDI

Bundi alikaa katika shimo la mwembe. Uso wake ulikuwa mweupe na mviringo kama sahani. Usiku alitoa sauti kali, kama mtu anayepasua kitambaa. Baadhi ya usiku alitua juu ya paa la mama mkubwa. Watu walisema bundi ni ndege wa wachawi. Akilia juu ya nyumba, mtu atakufa.

Mama mkubwa hakumfukuza. Usiku mmoja nilitoka nje pamoja naye. Bundi alikuwa juu ya paa. Mama mkubwa alisema polepole, "Karibu, mlinzi wangu." Niliogopa. Yeye aliniambia, "Usiogope. Huyu anakula panya wangu."

Ilikuwa kweli. Mwaka ule panya walikuwa wengi. Katika ghala letu walikula mahindi na karanga, wakatoboa magunia. Ghala la mama mkubwa, lililokuwa karibu na mwembe, lilibaki na chakula. Majirani waliona. Walianza kuulizana, "Mjane huyu analima peke yake. Kwa nini chakula chake hakiishi?"

Mwezi wa Juni mwaka 1972 mdogo wangu alishikwa na homa tukiwa dunguni. Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Mwili wake ulikuwa wa moto. Usiku alianza kukakamaa na kutetemeka. Macho yake yaligeuka juu. Watu walisema, "Ni degedege."

Ndugu msomaji, litazame neno hilo. Ndani yake kuna neno dege, yaani ndege mkubwa. Wazee wetu waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na pepo anayekuja kama ndege. Waliamini pia kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Kwa hiyo mdogo wangu hakupelekwa kwa daktari. Walimfukiza moshi. Walimwosha kwa maji ya majani. Kabla ya jua kuchomoza alifariki.

Baada ya mazishi, mjomba aliwaita wazee. Mganga mmoja aliitwa pia. Aliuliza kama kuna mtu aliyemwona ndege usiku. Watu wazima walinyamaza. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni. Nilisema, "Mimi nilimwona bundi. Alikuwa juu ya paa la mama mkubwa. Mama mkubwa alimwambia, karibu mlinzi wangu."

Nilisema kweli. Sikuongeza neno. Lakini nilimwona mama akiinamisha kichwa. Baba alisimama akatoka nje.

Mama mkubwa aliulizwa. Alijibu kwamba bundi anakula panya. Hakuna aliyemsikiliza. Siku ya tatu vijana walibomoa nyumba yake. Walimwua bundi kwa fimbo wakamchoma moto. Mimi nilitoa vyungu vya mama mkubwa ndani ya nyumba kimoja kimoja ili visivunjike. Hakunisemesha. Alifunga mzigo wake katika khanga, akaenda Ruangwa kwa mtoto wake.

Jioni ile tetere alilia juu ya mkorosho. Hapakuwa na mtu wa kumjibu.

NILIPOJIFUNZA KUSOMA

Mwaka 1977 Serikali iliagiza watoto wote wenye umri wa miaka 7 hadi 13 waende shule. Mimi nilikuwa na miaka 14. Nilikuwa nimepita. Kwa hiyo nilijiunga na darasa la watu wazima. Tulisoma alasiri chini ya mti, baada ya kazi za shamba. Mwaka 1979 niliweza kusoma kitabu bila kusaidiwa.

Mwalimu wetu alikuwa na vitabu vichache. Kimoja kilikuwa kitabu cha zamani cha kampeni ya Mtu ni Afya. Kampeni hiyo ilifanyika mwaka 1973 nchi nzima. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana. Watu wapatao milioni mbili walishiriki.

Nilifungua habari za malaria. Nilisoma polepole, kidole changu juu ya maneno. Nilisoma kwamba malaria huletwa na mbu. Mbu jike humwuma mgonjwa, kisha humwuma mtu mwingine na kumwachia vijidudu. Vijidudu huingia katika damu. Mtu hupata homa. Nilimwuliza mwalimu kuhusu degedege. Alinieleza kwamba malaria kali ikishika ubongo wa mtoto, mtoto hukakamaa na kutetemeka, na asipotibiwa upesi anaweza kufa.

Nilifunga kitabu. Nilikumbuka shamba letu la mtama. Ilikuwa baada ya masika. Maji yalikuwa yamesimama kila mahali. Mbu walitusumbua kila jioni, na sisi hatukuwa na chandarua.

Nilikwenda nyumbani nikamweleza mama. Nilidhani atashangaa. Hakushangaa. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilisikia redioni mwaka 1973. Nilikuwa katika kikundi. Waliposema habari ya mbu, nilijua. Niliogopa kusema. Ningesema nini kwa mjomba wako? Ningesema nini kwa dada yangu?"

Mama alikuwa ameibeba siri hiyo miaka sita. Baba alikuwa amekwisha fariki bila kujua.

SAFARI YA RUANGWA

Mwaka 1980, baada ya mavuno, tulikwenda Ruangwa, mimi na mama. Mjomba alikataa kwenda. Tulitembea, kisha tukapata lori sehemu ya njia. Mama alichukua kuku mmoja na kibaba cha mtama.

Tulimkuta mama mkubwa amekaa nje ya nyumba ya mtoto wake, anachambua mbaazi. Alikuwa amezeeka. Niliposema, "Shikamoo, mama mkubwa," alijibu, "Marahaba," akaendelea kuchambua. Mama alipiga magoti mbele yake.

Mama alisema, "Dada, yule mtoto aliuawa na malaria. Si wewe. Tumekuja kukuomba radhi."

Mama mkubwa alisema, "Mimi nilijua tangu siku ile kwamba si mimi. Ninyi ndio mmechelewa kujua."

Mama alilia. Mimi nilisema, "Mama mkubwa, mimi ndiye niliyewaambia habari za bundi."

Alinitazama. Akasema, "Wewe ulikuwa mtoto. Ulisema ulichokiona. Wakubwa ndio waliosema wasichokiona."

Tulimwomba arudi nyumbani. Hakukubali. Alisema, "Nyumba yangu mliibomoa. Nitakuja kuwatembelea. Sitakuja kukaa." Tulilala siku mbili. Alitupikia. Wakati wa kuondoka aliniuliza jambo moja tu, "Je, tetere bado wanakuja?" Nilimjibu kwamba wanakuja.

Hakupata nafasi ya kuja kututembelea. Alifariki mwaka 1987 akazikwa kule Ruangwa. Alitusamehe, lakini miaka yake ya uzee hatukuweza kumrudishia.

BUNDI AMERUDI

Mwaka jana wajukuu wangu walinijia mbio. Walikuwa na manati mikononi. Walisema, "Bibi, kuna bundi katika shimo la mwembe! Tunataka kumwua kabla hajalia."

Mwili wangu ulisisimka. Hata mimi, baada ya yote hayo, niliogopa kwanza. Kisha nikawaambia, "Wekeni manati chini. Kesho asubuhi tutamchunguza."

Asubuhi tuliokota chini ya mwembe vidonge vyeusi, virefu kama kidole gumba. Bundi humeza panya mzima. Nyama husagwa tumboni. Manyoya na mifupa hufungwa pamoja, kisha bundi huvitapika. Tuliloweka vidonge vitatu katika maji. Tulivifungua kwa kijiti. Tuliona miguu midogo, taya zenye meno na mafuvu ya kichwa. Wajukuu walihesabu mafuvu. Yalikuwa manne, yote ya panya.

Mdogo wao aliuliza, "Bibi, mafuvu ya watu yako wapi?"

Nilimwambia, "Tafuta vizuri." Alitafuta. Hakuyaona.

Kisha niliwaeleza habari za mama mkubwa, kama nilivyowaeleza ninyi. Sikuficha sehemu yangu. Mjukuu mkubwa aliuliza, "Bibi, kama ungenyamaza?" Nilimjibu kwamba hata leo sijui. Labda wangemtafuta mtoto mwingine wa kuwaambia.

Ndugu wasomaji, mnajua hasara ya panya. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro kimewachunguza panya shamba kwa miaka mingi. Panya shamba jike mmoja huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mara moja. Bundi huwinda panya hao usiku sisi tukiwa tumelala. Huruka bila sauti, kwa sababu manyoya yake ni laini. Husikia panya anapotembea gizani. Hadai mshahara. Jambo moja la kukumbuka ni sumu. Panya aliyekula sumu akiliwa na bundi, bundi naye huweza kufa. Basi funika chakula, safisha ghala na fyeka majani karibu na nyumba kabla ya kufikiria sumu.

Jirani yangu mmoja bado haamini. Anasema bundi ni bundi. Sigombani naye. Nimemwomba tu ahesabu magunia yake yaliyotobolewa, kisha aje ahesabu yangu.

MTOTO AKISHIKWA NA DEGEDEGE

Nawaomba pia mkumbuke jambo hili. Mtoto akiwa na homa, usingoje. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Siku hizi hupimwa kwa tone la damu ya kidoleni, na akiwa na malaria hupewa dawa mseto.

Akianza kukakamaa, mlaze ubavu. Ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza. Legeza nguo zake. Usimtie kitu chochote mdomoni, wala kijiko, wala dawa, wala maji. Usimfukize moshi. Mpeleke zahanati upesi, hata kama kutetemeka kumekwisha. Ikiwa daktari anataka kumdunga sindano, mwache afanye kazi yake. Kila usiku watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa.

Na mtu akifiwa, tusimtafute mjane wa kumbebesha msiba.

NIMEANDIKA

Mwezi uliopita nilinunua daftari. Nimeandika majina ya ndege wa uani kwetu. Mbele ya kila ndege nimeandika jina la mtu wake. Wajukuu wangu wanajua kusoma. Mimi nikiondoka, watasoma. Wewe pia, ndugu msomaji, umejifunza kusoma na kuandika. Una wazee waliokufundisha jambo, na labda una mtu mliyemkosea. Andika habari zao. Kama mtu huyo bado yu hai, usiandike kwanza. Nenda kamwone.

Mbele ya tetere niliandika jina la mama mkubwa. Mbele ya bundi niliacha nafasi siku nyingi, kwa kuwa sikujua niandike nini. Mwishowe niliandika jina lake hapo pia, kwa sababu ndiye aliyemjua bundi kabla yetu sote.

Jioni hii tetere amelia juu ya mkorosho. Wajukuu wangu wamemjibu, "Tupo!" Nimewafundisha mimi.